Raba iliyokwenda Moshi: kaka hataki hadithi yetu isomwe ukumbini

Mshauri, salaam sana.

Nina miaka 60, naishi Tanga mjini, na mwezi ujao nastaafu kazi ya posta niliyoianza mwaka 1986. Wanangu wamekodi ukumbi wa kuniagia, na binti yangu wa pili anaandaa kijitabu chenye visa vyangu vya utotoni na vya kuanza kazi, ili kila mgeni aondoke na nakala yake. Kijitabu hicho kimenigombanisha na kaka yangu, ndiyo maana nimekuandikia.

Sisi tumezaliwa kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Baba alikuwa mkataji. Mwaka jana nilianza kutuma hadithi za zamani kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa sauti, jioni baada ya chakula. Wajukuu wamezipenda mno. Wengine hawajawahi kuona mkonge ukikatwa, na nikitaja korona, ule mtambo wa kuchakata majani, wanadhani nazungumzia ugonjwa.

Kisa wanachokiomba kila mara ni cha raba. Mwaka 1977, ulipokuja mpango wa kila mtoto asome, shule yetu ilifurika hadi ikagawanywa zamu mbili. Kaka alikuwa darasa la sita, akaingia asubuhi. Mimi nilikuwa la nne, nikaingia mchana. Watoto wengi wa kambini walikwenda pekupeku na hakuna aliyewashangaa, ila baba alikuwa amepata jozi moja ya raba nyeupe na ameapa kwamba watoto wake watasoma wakiwa na viatu. Jozi moja, watoto wawili. Basi kila siku tukawa tunakutana kwenye kivuko cha reli, yeye anatoka shule, mimi nakwenda. Anakaa juu ya reli, anavua, mimi navaa. Kwangu zilipwaya, nikawa najaza singa za mkonge kwenye ncha. Yeye zilimbana, akawa anakunja vidole.

Siku moja nafika kivukoni nakuta treni ya mizigo imesimama, mabehewa yamepangana hadi usione mwisho. Kaka yuko ng'ambo, mimi niko huku, na muda wa kengele umekaribia. Kupita chini ya behewa tulikatazwa tangu tukiwa wadogo. Kaka akavua, akarusha raba ya kwanza, ikapita juu, nikaidaka. Akarusha ya pili, ikadumbukia kwenye behewa la wazi. Kabla hatujajua la kufanya honi ikalia, treni ikaanza kuvuta, raba ikaenda zake Moshi. Nikaingia darasani mguu mmoja raba, mmoja mtupu. Mwalimu akauliza nyingine iko wapi, nikamjibu, "Imepanda treni, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Jioni baba alimchapa kaka, na hapo huwa naiga alivyokuwa akilia huku akijitetea: "Ni upepo, baba! Ni upepo!" Wajukuu hugaragara chini kwa kucheka.

Kingine ni cha shule ya bweni. Niliingia sekondari mwaka 1981, wakati wa foleni na unga wa njano, ule tuliouita ugali wa Yanga. Sabuni ilikuwa adimu, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Kaka wakati huo alikuwa kibarua wa korona. Akaja kunitembelea na mfuko wa unga, matroni akaukagua, akaupitisha. Usiku natia mkono nakuta nusu mche wa sabuni umezikwa katikati ya unga. Wenzangu walinipigia makofi, lakini uji wa wiki ile ulitoa povu.

Halafu kuna kisa cha kuanza kazi. Nilipangiwa Lushoto, na ulikuwa mwezi wa saba. Kaka aliomba ruhusa kazini anisindikize, sanduku langu la bati begani kwake. Kutoka Mombo basi lilipanda zile kona za Soni, na kila kona baridi ikazidi. Sisi ni watu wa joto, sweta hatuna. Tulipofika kaka alikuwa amejifunga khanga ya mama kuanzia kichwani hadi kiunoni, meno yanagongana, wanawake wa sokoni wanamcheka. Tukaingia posta hivyo hivyo. Bwana posta akamuuliza, "Na wewe ni nani wake?" Kaka akakaza mwili kama askari, ndani ya khanga, akajibu, "Mimi ndiye mdhamini wake!" Ni kweli alikuwa amenisainia fomu ya udhamini, maana kazi ya kaunta ni kazi ya kushika fedha.

Visa vya kazini viko vingi na havina ugomvi. Kuna mzee aliyekuja kupeleka telegramu kwa mkwewe. Telegramu ililipiwa kwa neno, naye ujumbe wake ulikuwa mfupi tu, ila salamu zilijaza karatasi. Nikamweleza kwamba akiondoa salamu atalipa kidogo. Akanitazama kwa masikitiko, akasema, "Binti, nitamwandikiaje mkwe wangu bila kumsalimia?" Akalipia zote. Nimeona Posta na Simu ikigawanywa, nimeona simu za mkononi zikiimaliza telegramu, na huduma za fedha za simu zilipoingia mwaka 2008 nimeona foleni ya hawala ikiyeyuka mbele ya dirisha langu. Sijawahi kumsahau mzee yule.

Sasa tatizo. Binti yangu alituma rasimu ya kijitabu kwenye kundi, akaandika kwamba kisa cha raba kitasomwa ukumbini na mshereheshaji, na sauti ya kulia nitaiigiza mwenyewe. Kaka akanipigia usiku ule ule. Alisema, "Nimewakosea nini mpaka mnitembeze mbele za watu nikiwa nalia?" Akasema ikisomwa hatakuja. Tangu siku hiyo hajibu salamu zangu. Kumbuka kwamba kwenye kundi, kila nikisimulia, alikuwa akiweka alama ya kucheka.

Kaka leo ana maduka ya vifaa vya ujenzi Korogwe na Mombo, na msikitini ni mtu wa kusikilizwa. Mwaka huu amemwoza binti yake, na wakwe zake wapya kutoka Dar es Salaam tumewaalika. Mimi naona anaona aibu kwa umaskini wetu, na hilo linaniuma, kwa sababu umaskini ule hatukuuiba. Tena vijana wake wa dukani huwaambia kila siku kwamba alianza na panga la mkonge. Sasa haya ya raba moja ni ya nini?

Mama, ambaye ana miaka 84, anasema tusome, acheke. Wifi yangu ananinong'oneza niendelee, kaka atapoa. Binti yangu anasema bila kisa cha raba kijitabu kimekufa. Nikifute? Nibadilishe jina? Niendelee? Na je, mama nimweleze kwamba tumegombana?

Mstaafu Mtarajiwa, Tanga

JIBU

Dada yangu, hongera kwa kuifikia siku ya kustaafu ukiwa na afya, na mama yako yupo kuiona. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Kama nimekuelewa, unataka kuaga kazi kwa kuwasimulia watu ulikotoka, na kisa unachokipenda kuliko vyote kinamhusu kaka yako, naye hakitaki. Upande mmoja una haki ya kusimulia maisha yako, wanao wamejitahidi, na mama anangoja kucheka. Upande wa pili kuna ndugu uliyepanda naye basi la kwenda Lushoto. Hutaki kumpoteza, na hutaki pia kuzibwa mdomo. Hayo mawili ni ya haki yote, na ndiyo maana jambo hili limekuwa zito kuliko ukubwa wa raba yenyewe.

Niruhusu niguse mahali pamoja kwenye maelezo yako. Unasema kaka anaona aibu kwa umaskini. Lakini ni wewe huyo huyo uliyeniambia kwamba vijana wa dukani huwaambia alianza na panga la mkonge. Mtu anayeficha umaskini hafanyi hivyo. Panga la mkonge, kwa mtu wa Korogwe, ni cheti cha umaskini kinachoeleweka hata na mtoto. Kwa hiyo nadhani, na nasema nadhani kwa sababu simjui, umaskini si kitu kinachomchoma. Angalia maneno aliyoyatumia kwenye simu. Hakusema "mnaniaibisha na raba." Alisema "mnitembeze mbele za watu nikiwa nalia." Amelenga sehemu moja tu ya kisa, ile ya jioni.

Turudi relini kidogo. Katika kisa hiki wewe ulipata jibu zuri la kumpa mwalimu, na darasa likacheka pamoja nawe. Ukarudi nyumbani na hadithi. Kaka yako siku hiyo hiyo alikuwa amevaa asubuhi kutwa viatu vya kumbana, akavivua ili wewe usichelewe, akarudi kambini pekupeku, na jioni akapigwa. Kosa lake lilikuwa kwamba mkono wake wa miaka kumi na mitatu hivi haukurusha juu vya kutosha. Tukio ni moja, lakini kila mmoja wenu alitoka nalo na kitu tofauti. Sisemi wewe ulikosea kucheka. Mtoto wa darasa la nne anacheka. Nauliza tu kama umewahi kumsikia yeye akikisimulia kisa hiki tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa mdomo wake. Alama ya kucheka kwenye simu si simulizi. Mtu mzima anapoona wajukuu wote wanacheka kwenye kundi, anaweka na yake ili asionekane mkavu.

Kuna jambo jingine lililo ndani ya barua yako ambalo nahisi limepita haraka. Wewe uliingia sekondari mwaka 1981. Kaka, aliyekutangulia madarasa mawili, alimaliza la saba mwaka 1978, na ulipomtaja tena tayari alikuwa kibarua wa korona. Katikati hapo hujaandika kitu. Miaka ile wahitimu wa darasa la saba waliopata nafasi kwenye sekondari za serikali hawakufika hata mmoja kati ya kumi, kwa hiyo huenda hakuchaguliwa tu, kama walivyokosa wengi wenye akili nzuri. Huenda kulikuwa na sababu ya nyumbani. Vyovyote ilivyokuwa, zile raba ninyi wawili mlizivaa kwa sababu moja, na zikamfikisha mmoja. Kisha yule ambaye hakufika akaja bwenini na nusu mche wa sabuni ndani ya unga. Mwaka 1981 nusu mche wa sabuni haukuwa kitu cha kuokota. Mtu alipanga foleni, au alibadilishana na kitu, au aliutoa kwenye mgao wa nyumba yake. Na miaka mitano baadaye, akiwa kijana asiye na sweta, akatia saini kwamba kama fedha ya serikali ikipotea dirishani kwako, atafutwe yeye.

Nakuandikia haya nikijua unayajua. Usingeyaandika kama usingekuwa unampenda. Ila yamewekwa kwenye barua kama vichekesho, na huenda kwenye kijitabu pia yamewekwa hivyo: povu la uji, khanga kichwani, meno kugongana. Kama mimi ningekuwa yeye, nikasoma kurasa hizo mfululizo, ningejikuta nimekuwa kijana wa kuchekesha katika maisha ya dada yangu. Labda sivyo alivyojiona. Labda alijiona kama kaka.

Sasa nisieleweke vibaya kuhusu kicheko chenyewe. Sisi tuliokua miaka ile tuliishi kwa kicheko. Unga wa njano ulipokuja, nchi ikaubatiza jina la klabu ya mpira, na mashabiki wa Simba wakaula huku wakilalamika. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walikuwa na hofu ya kweli, na bado vichekesho vya sukari iliyofichwa uvunguni vilizunguka kila kijiwe. Hakuna aliyejisikia kudhalilishwa, kwa sababu foleni ilikuwa ya wote, daktari na mfagizi. Kisa cha raba ni tofauti kidogo. Hiyo ilikuwa ya nyumba moja, na ndani ya nyumba ilikuwa ya mgongo mmoja. Ukisimulia foleni unamsimulia kila aliye ukumbini. Ukisimulia fimbo za jioni ile, unamsimulia mtu mmoja aliyeketi meza ya mbele, na pembeni yake wamekaa wakwe.

Hao wakwe nao tusiwapuuze. Umeniletea mwenyewe yule mzee wa telegramu aliyelipia kila neno la salamu kuliko kumkosea mkwewe heshima. Wewe ulielewa papo hapo, na mpaka leo hujamsahau. Kaka yako yuko katika hali hiyo hiyo. Undugu huu mpya ni wa mwaka huu tu, bado watu wanapimana, bado wanakaa wima wakila. Na kwa desturi zetu utani una wenyewe. Mjukuu anamtania babu, shemeji anamtania shemeji, Mhehe na Mngoni watataniana hata msibani na hakuna atakayekasirika. Lakini mpwa hamtanii mjomba wake mbele ya wakwe, na rasimu ile, tukumbuke, ilitumwa na mpwa. Inawezekana kaka angevumilia kisa hicho hicho kikitoka kwako, barazani, mkiwa wenyewe.

Tuzitazame basi njia ulizonazo, nami nikuambie ninachokiona kwenye kila moja.

Unaweza kukiondoa kisa. Amani itarudi haraka, na kaka atakuja. Hatari yake ni kwamba ukikifuta kwa hasira, utakuwa umekifuta kwenye karatasi tu. Utakaa ukumbini ukiwaza kwamba umenyang'anywa, na binti yako atajifunza kwamba mjomba ni mtu wa kuogopwa. Pia wajukuu wataendelea kukiomba, nawe utajikuta unakisimulia jikoni kwa kunong'ona, kisha kitamfikia kaka kwa njia mbaya zaidi. Kama utakiondoa, kiondoe kwa namna ambayo moyo wako umeridhika.

Kubadilisha jina sioni kama kunasaidia sana. Ukumbi mzima unajua una kaka mmoja wa umri ule. Kuandika "binamu yangu" ni kuwafanya watu wageuke wamtazame zaidi, na kwake itaonekana kama umemficha kwa sababu kweli kuna la kuficha.

Kuendelea kama wifi anavyoshauri, kwa matumaini kwamba atapoa, ni njia yenye uzito wa kipekee. Wifi anamjua mumewe, huenda yuko sahihi. Lakini yeye anaishi naye, ana usiku na mchana wa kumtuliza. Wewe uko Tanga. Ukumbi ni wa siku moja, na kiti kitupu cha kaka yako kitaonekana kwenye kila picha ya siku hiyo. Mama naye atakiona. Tena karatasi ikishatoka haina namna ya kumtazama mtu usoni ikanyamaza. Barazani ukiona kaka amekunja uso, unaruka sehemu ya fimbo, unaenda Lushoto. Kijitabu hakiruki.

Kuna njia ya katikati, ya kukibakiza kisa lakini kukisimamisha pale treni inapoondoka. Raba inakwenda Moshi, mwalimu anajibiwa, basi. Kwa masikio yangu, kisa kinakamilika pale. "Imepanda treni, mwalimu" ndiyo kilele chake, na yanayofuata jioni ni kisa kingine chenye mwenyewe. Hata hivyo usilifanye hili peke yako halafu umpelekee kama zawadi. Anaweza kusema hata hilo hataki, na hapo utajisikia umetoa sana bila shukrani. Au anaweza kukushangaza.

Na ipo ya kumpa yeye nafasi ya kusimulia. Simaanishi kumsukumia kipaza sauti ukumbini. Namaanisha kwenda Korogwe, mkae, umwambie, "Kaka, mimi nimekisimulia kwa macho yangu. Nieleze cha kwako." Halafu usikilize bila kurekodi, bila binti yako kuandika. Huenda ukasikia jambo usilolijua kuhusu baba, kuhusu mwaka 1978, kuhusu njia ile ya kurudi kambini saa sita jua likiwa utosini. Huenda pia akakuambia tu kwamba hataki kulia mbele ya wakwe, mkanywa chai mkaachana. Hatari ya njia hii ni kwamba ukiuliza, hutaweza tena kukisimulia kama zamani. Kicheko chako kinaweza kubadilika. Pima kama uko tayari kwa hilo wiki chache kabla ya sherehe yako, au ni jambo la kufanya baada ya sherehe, kwa nafasi.

Jambo linalonipa unafuu ni kwamba sherehe ina tarehe, lakini kijitabu hakina. Binti yako anasema bila raba kijitabu kimekufa. Mimi namheshimu kwa kazi aliyoifanya, ila nadhani upendo wa kisa kimoja umemziba asione vingine. Mzee wa telegramu peke yake anabeba ukumbi. Hawala, mihuri, siku Posta na Simu ilipogawanywa mwaka 1994, baridi ya Lushoto ikivaliwa na wewe badala ya kaka: kuna mengi. Kama mtahitaji muda zaidi wa kuzungumza na mjomba, mnaweza kugawa siku ya ukumbi karatasi fupi ya kazi yako ya miaka arobaini, na kitabu cha ukoo kikaja baadaye, kikiwa na sauti zaidi ya moja ndani yake. Au mkaona haina haja. Ninyi ndio mnajua fedha na nguvu mlizonazo.

Lile la "mdhamini wake" nakuomba ulitazame upya hata kama hutabadilisha neno. Sijui kama wakwe wa kaka yako wanajua kwamba kijana wa korona aliyejifunga khanga ya mama yake alisimama posta ya Lushoto akajitia kwenye deni ambalo asingeweza kulilipa, kwa ajili ya mdogo wake. Wakilisikia kwa namna hiyo, sidhani kama kuna mkwe atakayemdharau. Lakini hilo nalo aulizwe, kwa sababu wapo watu wanaoona haya kusifiwa kuliko kuchekwa, na wanaume wa umri wake wengi wamo humo.

Swali la mama. Unauliza kama umweleze. Mama wa miaka 84 aliyewazaa wote wawili, na anayesikia wajukuu wakizungumza mchana kutwa, sina hakika kama bado hajui. Kumficha kunaweza kumfanya akae akisubiri mumwambie. Kumweleza nako kuna gharama, kwa sababu anaweza kumpigia kaka simu na kumwamrisha aje, naye akaja kwa amri ya mama huku moyo umebaki Mombo. Kama utamweleza, mwombe asiamue. Mwulize yeye anakumbuka nini kuhusu siku ile. Alikuwepo jioni hiyo kambini, na katika barua yako yote hujanieleza mama alifanya nini raba iliporudi moja. Yeye anajua baba alikuwa amezipataje zile raba, kwa fedha ya mita ngapi za mkonge, na kwa nini alikasirika vile. Mkisikia upande huo, huenda hata fimbo zikaeleweka kwenu nyote wawili.

Hadi hapo, binti yako mwombe asipeleke kitu kwa mchapaji wiki hii. Kama kaka hajibu ujumbe, usiongeze ujumbe. Mwulize wifi ni siku gani yuko dukani bila haraka, upande basi la Korogwe. Utakachoamua baada ya hapo, kiwe cha kuondoa, kupunguza au kuendelea, niandikie. Na kama kaka yako ataridhia, mimi pia ningependa kusikia raba ile ilivyoonekana kutoka ng'ambo ya pili ya treni.